Fimbo Ndefu ya Chela

Hii post nimeiandika nikaifuta, nikaiandika tena. Chela ameenda kweli? Huyu huyu aliyenitumia picha ya vidole vyenye gundi, akiuliza kwa nini gundi inakataa kukauka mvua ikinyesha Kapsoit?

Kwa wale hamkumjua: Chelangat, tukimwita Chela, alikuwa karani wa kituo cha kununua majani ya chai. Asubuhi anapima majani ya wakulima, jioni anatengeneza mavazi ya cosplay, yaani ya kujigeuza mhusika wa filamu au hadithi. Homa ya mapafu ilimwangusha ghafla. Jumamosi tumemzika kwao, nyuma ya nyumba ya mama yake, pale shamba la chai linapoanzia.

Urafiki wetu ulianza na swali. Mimi niko upande wa safety kwenye kiwanda kinachopokea majani ya kituo chake. Siku moja akaingia ofisini na simu mkononi, amefungua sheria za kongamano la mashabiki la Nairobi. Hakuna chuma. Hakuna ncha kali. Ukivaa kinyago lazima uone mbele na kando. Fimbo isipite urefu wa anayeibeba.

"Madam safety," akasema, "hiyo ya chuma naelewa. Lakini kwa nini fimbo isipite urefu ya mtu?"

Nikamwambia ukweli, sijui. Watu huja kwangu kuuliza watatoroka vipi sheria. Huyu alitaka kujua ilitoka wapi!

Jibu alilipata mwenyewe. Alichukua mti mrefu wa kuanikia nguo, akageuka nao sebuleni kwa mama yake, na upande wa nyuma ukaangusha thamosi ya chai mezani, ikavunjika. Mama alipiga kelele. Chela alikuwa anashangilia. "Akinyi, umeona? Kitu ndefu, huwezi jua nyuma yake iko wapi!"

Mkuki wake wa kwanza ulikuwa sponji ya godoro kuukuu juu ya bomba la plastiki. Kila alipomaliza ncha, alijidunga nayo shavuni, hapo hapo mbele yako, hata kama unakula. "Kama hainiumizi mimi, haitaumiza mtoto ya mtu."

Sasa lazima niwaambie ya joho, na najua angependa niseme.

Mnajua karani wa chai hukataa majani yaliyoshindiliwa. Ukiyabana kwenye gunia yanapata moto, yanakuwa mekundu, unarudi nayo nyumbani. Chela alikuwa mkali kwa hilo. "Mzee, majani inataka kupumua!" Kituo kizima kilimwogopa.

Basi safari yetu ya kwanza, akashonea majani mabichi ya chai juu ya aproni ya plastiki, ile ya wachumaji, likawa joho la kijani la kupendeza mno. Halafu, ili lisinyauke njiani, akalikunja, akalifunga kwenye nailoni, akalikalia mpaka Nairobi.

Tulipofungua, mvuke ulitoka. Joho lote jekundu! Kulikuwa na harufu ya kiwandani kwetu, nikahisi kama niko kazini. Chela aliinama akanusa, akasema polepole, "Akinyi, nimejirudishia majani."

Akalivaa hivyo hivyo. Kijana wa meza ya ukaguzi alilishika, akabinya ncha ya mkuki, akanusa hewa, akauliza, "Hii ni chai?" Tukapita.

Na aliporudi aliwasimulia wakulima mwenyewe, pale pale kwenye mizani. Tangu hapo akikataa gunia, kuna mzee lazima aseme, "Karani, hiyo ni ya kupeleka Nairobi."

Mimi katika safari zote nilikuwa wa kubeba mikoba, pini na maji. Kila mara aliniambia, "Vaa na wewe." Nikakataa. Mimi ni mrefu. Tangu shule ya msingi nimezoea kusimama nyuma na kukunja mgongo kidogo, nisionekane. Nivae tena kitu cha kuita macho ya watu? Mwaka huu hakuniuliza. Nilishangaa, maana Chela hakuwa mtu wa kuacha swali.

Baada ya mazishi mama yake akanivuta mkono. "Akinyi, kuja uone hii kitu kwa room yake. Sijui ni ya kuvaa ama ni ya kutisha ndege."

Lilikuwa jitu. Nililijua mara moja, Chela alishanihadithia. Kogo yake, yaani nyanya, aliwasimulia utotoni kuhusu jitu lililotembea msituni kabla chai haijapandwa, kichwa kikipita juu ya ukungu. Kinyago cha sponji, joho refu la magunia, na kando yake fimbo.

Fimbo ndiyo iliyonikwamisha. Ilikuwa ndefu mno. Chela alinifika begani! Angerudishwa mlangoni, na yeye ndiye aliyevunja thamosi kuijua sheria hiyo. Kwa nini basi? Nikaisimamisha kando yangu, nipime amezidisha kiasi gani.

Iliishia utosini mwangu. Haikupita hata kidogo.

Nikavaa joho. Yeye angeliburuza chini. Kwangu lilifika kwenye vifundo vya miguu. Nikavaa kinyago nikaona vizuri, mbele na kando: dirisha, chai, na mama ameshika mdomo. "Woi, Akinyi," akasema. "Kumbe ilikuwa yako."

Nimelia sana, Chela. Ulikuwa unanipima saa ngapi, na kwa nini hukusema?

Ncha ya fimbo nimeijaribu shavuni. Haiumi. Nitalivaa jitu lako Nairobi, na pale meza ya ukaguzi nitanyoosha mgongo wote, wanipime vizuri.

Ulikuwa ukiniaga kwa Kipsigis, nami nakujibu kwa Kijaluo. Leo naanza mimi. Saisere, Chela. Oriti. Lala, rafiki yangu, lala vizuri.