Siku Niliponyamazisha Chuo cha Maalim Abedi

Mnaniona hivi nacheka, lakini yako mambo ambayo nikiyakumbuka niko peke yangu njiani huvuta kofia mpaka puani ili hata mbuzi wasinitambue, na kubwa lao ni lile la chuo cha Maalim Abedi, hapa hapa Bagamoyo, siku nilipowaliza watu wa mtaa mzima kwa msiba ambao haukuwapo. Waliokuwapo wanajua. Wasiokuwapo wamehadithiwa, tena kwa chumvi nyingi, maana wengine wanasema nilikimbia mpaka Pangani (uongo mtupu, sikufika hata Kaole), basi afadhali muisikie kwangu mimi mwenye aibu yangu.

Miaka ile Wadachi walikuwa bado hawajapandisha bendera yao, na mimi nilikuwa kijana wa ghalani, mchana kutwa niko kule forodhani naosha na kuchambua sandarusi (ile gundi ngumu ya miti) za tajiri mmoja, jua likizama ndipo narudi mtaani. Utotoni sikusoma. Nilisoma ukubwani, katika darsa la usiku alilotusomeshea Maalim Abedi sebuleni kwake baada ya sala ya isha, sisi watu wazima wenye ndevu tumejikunyata kuizunguka taa moja, tunasoma mmoja mmoja kwa sauti ya chini tusije tukawaamsha wajukuu zake. Nikahitimu. Na siku ya kuhitimu kwangu nilitembea mji mzima na kanzu mpya, nikimsomea kila mtu chochote kilichoandikwa, hata maandishi ya juu ya milango ya watu, wenyewe wakiwa wamesimama palepale na wanayajua tangu kuzaliwa.

Sasa, chuo cha mchana cha Maalim, yaani cha watoto, kilikuwa na matata. Bwana Sefu, mwenye mashamba ya minazi, alimshika mwanawe siku moja akamwambia asome, mtoto akaimwaga sura nzima kama maji. Alipomwekea kidole katikati ya mstari akamwuliza hii ni herufi gani, mtoto akamtazama kama kuku aliyeulizwa njia. Bwana Sefu akapanda barazani kwa watu akasema mwezi ukiandama atamhamishia mwanawe chuo cha mtaa wa pili, na wenzake wengi wakasema nao watamfuata. Maalim Abedi alikuwa hana shamba, hana duka, hana mtoto wa kiume. Alikuwa na kile chuo tu. Wakiondoka watoto, basi.

Ndipo msikitini kukateuliwa watu wa shauri la chuo, watu wa kujitolea, hawalipwi kitu ila kahawa, kazi yao kukaa na Maalim wamshauri namna ya kusomesha ili watoto wajue wanachokisoma. Mkubwa wao alikuwa Mwinyi Hatibu, mzee mpole sana, anayefikiri mpaka kahawa yake inapoa. Alikuwamo Bi Zena, aliyekuwa akisomesha watoto wa kike nyumbani kwake, mwenye ulimi wa kukuna nazi. Na nikatiwa mimi, eti kwa kuwa nimehitimu juzi juzi bado ninakumbuka taabu ya kujifunza. Siku hiyo niliota pembe.

Shauri tulilokata lilikuwa jema, nasema kweli. Tulisema watoto wa alifu, wale wanaoanza, watenganishwe na wakubwa, wadogo wakae nje barazani, wakubwa wabaki sebuleni, na Maalim awe katika chumba cha ndani, amwite mtoto mmoja mmoja amwoneshe herufi kwa kidole. Maalim alitusikiliza akasema yeye ni mtu wa kushauriwa, tufanye tunavyoona. Alisema kwa upole, lakini alikuwa akikunjakunja upindo wa kanzu yake, nikaona jinsi alivyoogopa.

Hapo ndipo mimi nikatia langu. Nikasema na makelele yakome, watoto wasome moyoni. Maana ninyi mnakijua chuo: watoto wote wanasoma kwa pamoja, kila mmoja mahali pake, kila mmoja kwa nguvu zake zote, ukipita hapo masikio yanatoka moshi. Nikasema sisi usiku tulisoma kimyakimya na tulielewa.

Bi Zena akanitazama. "Mwanangu, watenganisheni mtakavyo," akasema, "lakini sauti zao waachieni."

"Kwa nini, Bi Zena?"

"Kwa sababu wewe mchana hupo hapa."

Nikaona huyu ni bibi wa mambo ya kale. Jumatatu ilipokuwa zamu yangu ya kusimamia (niliomba ruhusa ghalani, nikajipaka na mafuta mazuri), Mwinyi Hatibu na wenzake walikuwa hawajafika bado, nikasema moyoni, wakija wakute jambo limekwisha kufanyika. Nikatandika majamvi nje, barazani, mpaka yakamwagika njiani. Nikawapanga wale wadogo na mbao zao mapajani, vichwa chini, nikawaambia, wao na wakubwa wa sebuleni, midomo icheze lakini nisisikie hata pumzi. Maalim nikamwingiza chumba cha ndani na wanafunzi wake wa kwanza. Mahali pake pa kila siku, pale kwenye nguzo ya mlango ambapo kila mpita njia humwamkia, pakabaki patupu, fimbo yake ndefu tu imeegemea ukuta.

Kukawa kimya. Nikafurahi mpaka nikahisi kanzu inanibana.

Jambo nisilolijua, kwa kuwa mchana huwa niko ghalani, ni kwamba mtaa ule uliishi kwa makelele ya chuo. Wanawake waliinjika wali watoto walipofika kwenye juzuu fulani, muuza kahawa alipumzika kwa kuyasikia, hata punda wa maji, nasikia, alikuwa akisimama mwenyewe wakubwa walipoanza. Chuo kilinyamaza Alhamisi mchana na Ijumaa. Kikinyamaza siku nyingine yoyote, ni kwamba mwalimu amekufa. Hakuna sababu nyingine, haijapata kuwapo. Sasa ongeza majamvi yaliyotandikwa nje (nami msiba naujua, nimekaa matanga mangapi, lakini siku hiyo niliyaona kuwa ni majamvi yangu ya elimu), ongeza watoto wameinamisha vichwa midomo ikicheza kama wanaomwombea mtu, na mahali pa Maalim patupu.

Wa kwanza kuja alikuwa muuza kahawa. Akaweka dele lake chini polepole, akavua viatu, akakaa jamvini. Nikasema, tazama, sifa zimeanza kufika. Akataka kusema neno, nikamwekea kidole mdomoni kumwonesha watoto wanasoma. Akainamisha kichwa, akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Nikaona ananipongeza. Akaja fundi wa kofia, wakaja wavuvi wawili, wakaja wazee wa baraza la sokoni, na kila aliyefungua kinywa nilimziba kwa kidole, na kila niliyemziba alinishika mkono kwa huzuni, nami nikawa nawapanga safu safu, natabasamu. Wanawake wakaja wamejitanda, wakaingia kwa mlango wa uani. Nikadhani wamekuja kujifunza nao.

Kisha akaja mtumishi wa Kasamali, Mhindi mwenye duka la nguo pale kona, amebeba bafta nyeupe, jora zima, akanikabidhi kwa mikono miwili. Kasamali mwenyewe nikamwona kwa mbali anafunga milango ya duka. Nikasema, huyu ndiye mtu anayejali elimu, ameona watoto wa nje na wa ndani hawana pazia. (Cheka tu, hata mimi sasa nacheka.) Nikaikunjua bafta ile, nikaitundika mlangoni kutoka mwimo hata mwimo, nikarudi nyuma hatua chache kuitazama ilivyopendeza. Safu ya mbele mzee mmoja akafunika uso kwa viganja.

Hapo akafika Bwana Sefu, mbio mbio kutoka shambani, miguu ina tope mpaka magotini. Kidole changu hakikumzuia. Akajibwaga jamvini mbele kabisa, akalia, mtu mzima yule, mabega yanatikisika.

"Mtu huyu nimemsema vibaya barazani kwa watu," akasema, "na mimi mwenyewe alifu yangu kanipa yeye. Nani sasa atamfundisha mwanangu?"

Ndipo akili ikanirudia, tena yote kwa mara moja. Nikatazama majamvi. Nikatazama lile dele la kahawa na wanaume wamekaa wamevua viatu. Nikaitazama ile bafta niliyoitundika, nikajua bafta ya namna ile hukatwa iwe sanda.

Kumbe ndani Maalim Abedi amesikia. Hakusikia kilio, amesikia neno moja tu, kwamba Bwana Sefu yuko nje anauliza nani atamfundisha mwanawe, na yeye neno hilo alikuwa akiliombea tangu wiki zile. Akainuka kwa furaha akaja upesi, hakuiona bafta, akaipitia, ikamwanguka kichwani ikamfunika mpaka miguuni, naye akasimama pale mlangoni, mweupe mzima, akanyoosha mkono.

"Mimi, Bwana Sefu," akasema. "Kesho asubuhi, na asichelewe."

Sijui niseme nini. Nimepata kuona wapagazi wametawanyika kwa simba, lakini hawakutawanyika vile. Dele likaruka, wazee niliowapanga safu safu wakapitiana juu, mtu mmoja akapanda mnazi ambao mpaka leo hajui aliupandaje. Nami, niliyempelekea Maalim uji asubuhi ile ile kwa mkono wangu, niliyejua kuliko wote kwamba yu hai, nilikimbia mbele yao. Nilikata njia ya Kaole kanzu imeshikwa juu, nikapinda kona ya msikiti, na pale kona walikuwa wanakuja Mwinyi Hatibu na vijana wanne na jeneza wamelibeba chini chini kwa mikono, wazi, maana walikuwa wanalipeleka kwa Maalim. Sikuweza kusimama. Niliingia ndani ya jeneza kama mkate unavyoingia kikapuni, kwa kichwa, na vijana wakaliachia.

Watu wakajaa. Mimi nimelala humo, mbingu naiona, siwezi kuinuka kwa aibu. Bi Zena akaja anatembea (yeye hakukimbia), akainama akanichungulia.

"Basi," akamwambia Mwinyi Hatibu, "maiti tumempata."

Mtaa ule ulicheka mpaka alasiri. Kasamali akaikunja bafta yake, akasema haidhuru, itamngojea mwenyewe. Nikarudishwa barazani nimeshikwa mkono kama bibi harusi, nikamkuta Maalim ameketi mahali pake kwenye nguzo, na Bwana Sefu, aliyebaki palepale jamvini, ubavuni mwake, wanakunywa kahawa iliyobaki. Na wale wenzake wote waliosema watamfuata asubuhi ile walikuwa wamekwisha kukaa jamvini na kulia mbele ya watu. Sasa mtu aliyekwisha kumlilia mwalimu hadharani atamwambia nini, kwamba anamhamisha mtoto? Mwezi uliandama, na mtoto hata mmoja hakutoka.

Shauri la kuwatenganisha watoto likabaki, na Maalim akaendelea na kidole chake, na baada ya muda mtoto wa Bwana Sefu aliweza kukutajia herufi hata ukimgeuzia ubao juu chini. Sauti zikarudi siku ile ile. Mimi nilidhani nitatolewa katika watu wa shauri, lakini Mwinyi Hatibu alifikiri sana, kahawa ikapoa, kisha akasema mtu aliyeuondoa uhai wa Maalim ndiye aurudishe: kila asubuhi, kabla ya kwenda ghalani, nikae na wale wa alifu barazani nisome nao kwa sauti, mtaa usikie.

Basi ndiyo kazi yangu hata leo. Nimeapa, shauri lolote nitakalotoa juu ya chuo cha watu, nitakwenda kwanza kukaa pale kutwa nzima, jua hili mpaka jua lile, masikio wazi na kinywa kimefungwa. Nanyi mkipita mtaani kwetu asubuhi, katika zile sauti nyembamba mkaisikia moja nzito ya mtu mwenye ndevu inapiga kelele kuliko zote, msisimame kuuliza. Ni mimi, nawajulisha kwamba Maalim hajambo.