Pole Iliyoliwa Njiani

Wiki iliyopita niliingia duka moja hapa mjini Shinyanga kununua wino, nikatoka na kitabu. Wino niliusahau. Kitabu chenyewe ni makala za yule mwandishi wa riwaya ambaye, tulipokuwa watoto, aliandika gazetini habari za nyumbani kwake: paa linalovuja, jirani asiyerudisha chumvi, mbuzi aliyekula shati la harusi. Mwishoni wameweka barua za wasomaji. Niliyapitia majina nikiwa bado nimesimama mbele ya mwenye duka, na nilipofika kwenye "Msomaji wa Samuye" masikio yakaniwaka moto. Nikalipa haraka, nikaondoka kama mtu aliyekutwa na kitu kisicho chake.

Msomaji wa Samuye ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Barua ile imechapwa mara mbili sasa, na mara zote mbili ilitakiwa kuwa barua ya bibi yangu. Jambo hili nimelizungusha kichwani siku saba. Nimejiuliza kama kulieleza ni kutubu au ni kujionyesha kwa njia nyingine. Basi nisikilize tu, rafiki yangu, nianzie kivulini mwa ghala.

Baba alikuwa Geita, kwenye mgodi wa dhahabu, na mama alimfuata. Mimi niliachwa Samuye kwa bibi ili nisome. Asubuhi niliteka maji lamboni, nikafagia zizi, nikaenda shule na harufu ya samli kwenye nywele. Lakini Jumapili alasiri ilikuwa yangu. Mwalimu wetu alipomaliza gazeti lake alinipa, likiwa limekunjwakunjwa na linanuka mafuta ya taa, nami nilikaa kivulini mwa ghala la mtama nikamsomea bibi. Yeye alimenya karanga. Jirani yetu, mzee mwenye ng'ombe wengi na meno machache, alikuja na kigoda chake mwenyewe, akidai kwamba vigoda vya bibi vinauma.

Nilisoma sentensi ya Kiswahili, kisha nikaigeuza Kisukuma, maana Kiswahili cha bibi kilitosha kuuzia kuku tu. Na wao hawakusikiliza kimya kama tulivyofundishwa chuoni. Walimjibu yule mwandishi kana kwamba yupo pale, ameketi kati yao.

Nakumbuka siku aliyoandika kuhusu maziwa. Alisema kwamba tangu utoto hajapata kuyameza. Akisikia harufu yake tu anatapika, na mara moja alimtapikia mgeni wa baba yake. Jirani alishika kichwa.

"Mtu mzima hanywi maziwa? Ng'ombe wamemkosea nini?"

"Mwache," bibi akasema. "Wewe mbona hunywi dawa?"

"Dawa haina mkia, mayu. Na sisi tukienda kwake tutapewa nini? Maji ya kunawa?"

Mayu ni mama. Kwetu kila mwanamke huitwa hivyo kwa heshima, hata msichana mdogo, na bibi aliniita hivyo mimi pia. Walicheka mpaka karanga zikamwagika, na juma zima jirani alipopita na ng'ombe wake alituuliza kama yule ndugu yetu wa gazetini ameshapona.

Kisha ikaja Jumapili ambayo makala haikuwa na kichekesho. Mama wa mwandishi alikuwa amefariki. Hakueleza mazishi. Alieleza jiwe lake la kusagia, lililobaki uani, likaliwa katikati na miaka ya kusaga hata likawa kama bakuli. Mvua imejaa humo, kuku wanakuja kunywa, na yeye kila asubuhi anawafukuza, hajui kwa nini.

Bibi aliacha kumenya. Jirani alivua kofia.

"Leta karatasi," bibi akasema.

Nilileta daftari. Akaanza kusema, taratibu, akiningoja niandike. Alimsalimu. Aliuliza mvua ya kwao, mashamba, ndugu waliobaki. Alimpa pole, akairudia. Akasema kama si magoti yake angekuja akae naye siku tatu, amtekee maji, maana mfiwa hatakiwi kuteka maji. Halafu akasema: "Mwambie kuku asiwafukuze. Awaache wanywe. Jiwe la mama yake bado linalisha."

Kisha akaingia ndani, akatoka na matobolwa, vile viazi vitamu tunavyovichemsha, tukavikata na kuvianika mpaka vikawa vigumu na vitamu kama sukari guru. Alichagua vipande vizuri, vile vya rangi ya asali. Akachana pindo la kaniki aliyoivaa, akavifunga humo. "Haendi mtu msibani mikono mitupu," akasema. "Mpe mwalimu apeleke posta pamoja na barua."

Nyumba ya mwalimu ilikuwa mwendo wa saa nzima. Njiani nikaanza kuwaza, na wewe unanijua, nikianza kuwaza siachi. Niliwaza mwalimu akifungua kile kitambaa cheusi. Niliwaza karani wa posta akikinusa. Nikamwona mwandishi mkubwa, mwenye meza na kalamu, akipokea viazi vikavu kutoka kwa mwanamke asiyejua kusoma, anayemuuliza habari za mvua na kumfundisha mambo ya kuku. Nikaona aibu. Nilimwonea bibi yangu aibu. Siwezi kulisema kwa upole zaidi ya hapo.

Nikakaa juu ya jiwe kubwa kando ya njia. Nikachana ile karatasi. Nikaandika nyingine, kwa mwandiko wa mtihani, nikimpongeza mwandishi kwa Kiswahili chake fasaha na jinsi alivyolipamba jiwe kwa tamathali za semi. Neno tamathali tulikuwa tumefundishwa juma lile. Pole sikuiandika hata moja. Niliona inaharibu mtiririko. Nilipokuwa ninaandika nilikula matobolwa, kipande kimoja kwanza, kisha kingine, mpaka vikaisha. Kile kitambaa nikakisukumia chini ya jiwe.

Mwalimu aliisoma barua, akaniita mbele ya darasa. "Huyu atafika mbali," akasema. Nami nimefika, nina cheti cha ualimu.

Majuma kadhaa yakapita. Kila Jumapili bibi aliuliza swali moja kabla sijakunjua gazeti: "Amepata?" Nami nilimtazama pindo la kaniki lililochanika, ambalo hakulishona, nikasema posta ni mbali.

Hatimaye barua yangu ikatoka, pamoja na nyingine, na chini yake mwandishi aliandika maneno machache: "Barua nyingi zimesifu Kiswahili changu. Ninashukuru sana. Mimi nilidhani nimeandika habari za mama." Nilikuwa mtoto, sikusikia uchungu uliokuwamo. Niliona tu "Msomaji wa Samuye" kwa herufi za chapa, moyo ukaruka. Kisha nikainua macho, nikamwona bibi amekaa na ungo mapajani, hamenyi kitu, ananingoja.

"Amejibu?"

"Amejibu, bibi," nikasema, nikijifanya ninasoma. "Anasema pole imefika. Anasema anashukuru sana. Matobolwa yalikuwa matamu."

"Alikula na nini?"

Ningeweza kusema karanga. Ningeweza kusema chai. Nilisema haraka, kwa sababu ndivyo tulivyokula sisi: "Na maziwa."

Jirani alifungua kinywa. Bibi akamwekea mkono gotini, naye akakifunga. Kuku mmoja alipita katikati yetu, na hakuna aliyemfukuza. Bibi alinitazama kitambo, si kwa hasira. Alinitazama kama anavyotazama anga mwezi wa kumi, kuona kama kuna kitu.

"Haya," akasema. "Na maziwa."

Akaanza tena kumenya karanga. Nilishukuru kwamba nimeponyoka.

Bibi alifariki nilipokuwa chuoni. Nilifika siku ya nne, nikakuta majirani wamekwisha teka maji yote, hata mitungi ya kuazima imejaa. Ghala limeanguka sasa. Jirani alihamia Kagongwa kwa mwanawe, ng'ombe wameuzwa, na mwalimu alipata uhamisho. Siku hizi walimu wenzangu husoma gazeti kila mtu peke yake, kimya, kisha huliweka mezani bila kumjibu aliyeliandika. Hata mimi.

Usiku wa juzi nilifika kwenye ukurasa wa maziwa. Nilikuwa nimeisahau kabisa makala ile, nami ndiye niliyeisoma kwa sauti. Wao, ambao hawakujua kusoma, hawakuwa wamesahau. Nilifunga kitabu, nikakaa na taa ikiwaka bure.

Nimejaribu kumwandikia mwandishi. Nimeandika "Pole na mama," nikaandika habari ya kuku, na hapo nikasimama, maana yale mengine aliyoyasema bibi siyakumbuki. Niliyachana kabla hayajanikaa. Na kila ninapoishika kalamu namsikia yeye. Maana baada ya Jumapili ile nilizidi kumsomea, miaka mitatu mizima, na kila nilipomaliza nilimuuliza kwa bidii, nikitaka sana kuchapwa tena: "Tumjibu, bibi?"

Naye kila mara alinijibu hivyo hivyo, bila kuinua macho kwenye ungo wake.

"Ameshashiba, mayu. Wewe soma tu."