Mlinzi wa Gati la Kurukia

Mlinzi wa gati letu hapa kwenye ziwa Isik-Kul hana filimbi. Ana sindano mbili za kufumia na soksi ya sufu isiyokwisha, na mikono yake hufuma yenyewe, macho yote yako majini. Vijana wa wageni kutoka mji wa Bishkek wakichoshwa na mpira wa wavu na boti za kukanyaga, huja kuruka majini kutoka gatini kwake. Sindano zikinyamaza tu, wanajua kuna aliyezidisha utundu, na wanatoka majini wenyewe. Nimeuza samaki wa moshi kando yake miaka mingi, sijamsikia akipaza sauti.

Juzi Adinai, binti mmoja mrefu, alipanda juu ya gati akaganda pale pale ukingoni, asiweze kuruka. "Kondoo kapanda ghorofani!" alipayuka Ermek, mwenye mdomo kuliko wenzake wote. "Mpelekeeni nyasi!" Binti akaanza kulia. Mlinzi akaweka soksi chini. "Haya, wote geukeni mtazame milima. Na wewe, mama samaki." Tukageuka, hata mimi niliyezaliwa hapa kabla ya hoteli yoyote. "Mwanangu," nikamsikia akisema, "ngazi ile pale, maji yale pale. Hakuna anayekuona." Mara maji yakalia chubwi! Tulipogeuka, Adinai alikuwa anaibuka huku akicheka, na sindano zilishaanza tena.

Jana Ermek alikuja taratibu, akamwinamia mlinzi sikioni, nami nikiwa pembeni. "Shangazi, waambie na leo watazame milima." Hakumcheka. Aliweka soksi chini, nasi sote tukageuka.