Geji ya Oili na Gauni la Mwende

Aibu hii nimeitunza miaka mingi kama jino bovu, lakini leo mmenibana, basi kaeni niwaambie, na anayetaka kucheka acheke polepole.

Ilikuwa miaka ya tisini, tukiishi mtaa wa Umoja, nami nilikuwa na gari dogo kuukuu nililolitia injini ya gari kubwa, nikalishusha hadi likakaribia kukwaruza lami, nikang'oa nusu ya kiti cha nyuma nikaweka spika (akili zangu za wakati huo zilitosha hapo). Dada yangu Mwende alipokuwa anaolewa nikajitolea kumpeleka kanisani. Mama alikuwa amemshonea gauni jeupe yeye mwenyewe, kwa cherehani yake ya sebuleni, akalitia shanga moja moja.

Sasa, asubuhi ya harusi, badala ya kuosha gari na kutulia, nikaona nifunge geji mpya ya presha ya oili, wageni waione ikimeremeta juu ya dashibodi. Ilikuwa ile aina inayoletewa oili yenyewe, ikiwa moto vilevile, kwa paipu nyembamba kutoka kwenye injini. Kwenye boksi mlikuwa na paipu mbili. Ya shaba ilikuwa ngumu kukunja na nilikuwa na haraka, nikachukua ya plastiki, na kwa kuwa spana haikufika nyuma ya dashibodi, nati nikaikaza kwa vidole.

"Hiyo imeshika kweli?" Baba akauliza, amejikunja nyuma kando ya spika na suti yake.

"Baba, tulia. Mimi ndiye fundi."

Mwende alikaa mbele, kwa sababu gauni lisingeenea nyuma. Tulipoingia Jogoo Road nikamwambia, "Ona mshale unavyopanda," nikakanyaga mafuta. Ukapanda kweli. Halafu ukaanguka ghafla, paipu ikachomoka, na oili nyeusi ikamrukia Mwende mapajani.

"Woi! Inachoma! Zima gari!"

Nami, fundi mzima, sikuzima. Nilikuwa natafuta pa kuegesha, na injini ikaendelea kusukuma oili ndani ya gari hadi ikaisha yote, tukafika karibu na Makadara injini ikagonga mara chache ikafa. Watu wakajaa. Jamaa mmoja akainama dirishani, akasema, "Msee, kwani leo ni gari inafanyiwa sevisi ama ni bibi harusi?" Wakaangua kicheko. Mwende hakulia. Alikuwa ameliinua gauni lisimguse miguu.

Baba akasimamisha teksi. "Wewe kaa na gari lako," akaniambia, bila kunitazama.

Nikaliacha barabarani nikawafuata kwa miguu, mbio. Nikawakuta bado nje ya kanisa, Mama, aliyekuwa ametangulia, amepiga magoti na kipande cha sabuni, anasugua, na kila akisugua doa linapanuka.

"Haitoki," akasema, wala si kwa mtu yeyote. Akainuka, akafungua leso yake, akamfunga Mwende kiunoni ikafunika mpaka chini, akampangusa uso, akamwambia, "Twende, mama. Wanangoja."

Mimi nilibaki nje chini ya dirisha, mikono myeusi, nikisikiliza dada yangu akila kiapo kwa sauti ambayo sikuitambua. Baadaye Baba akanijia. "Picha ya familia. Simama nyuma, ficha mikono." Mpiga picha akatupiga sote kuanzia kifuani kwenda juu.

Mwende alinisamehe, au alisema hivyo. Alama ya kuungua iko pajani mwake mpaka leo. Mama hakushona gauni la harusi tena. Walimwomba wengi, akawaambia macho yamechoka, na sisi nyumbani tulijua macho yake ni mazima.

Injini nimefungua nyingi tangu hapo, lakini siku ya furaha ya mtu mwingine sigusi hata nati. Nikiombwa, nasema gari ni bovu.