Gundi Chini ya Birika

Kazi yangu ni kupamba kumbi za harusi, huu ni mwaka wa kumi na tisa. Mdogo wangu yuko mapokezi kwenye zahanati, anaandika majina ya wagonjwa. Sasa niambieni, kati yetu nani asifiwe kwa kupanga sebule? Ni yeye, jamani! Mtu anaingia kwake, anaona chupa tatu kuukuu za kijani kwenye rafu ya dirishani, basi anaguna, "Lo, nyumba imetulia." Akija kwangu anasifia soda. Sifichi, roho inaniuma, na haikuanza jana.

Miguu ya mama ilipokataa ngazi za nyumba yake, ilibidi ahamie kwa mmoja wetu. Akasema atakaa mwezi kwangu, kisha mwezi kwa mdogo wangu, halafu atachagua mwenyewe. Mdogo wangu akajibu, "Popote utakapopenda, mama." Popote nini? Mimi ndiye kifungua mimba, na huyo anayejitia mpole nimembeba mgongoni. Nilitaka mama aamke kwangu kila siku, na nilitaka mdogo wangu ajue kwamba nimechaguliwa mimi.

Mama alikuja na begi la nguo na boksi la vitu vyake: birika la kaure lenye maua ya bluu, kikombe chake, picha yake na marehemu baba, na saa ya mezani ya baba, ile ya kutiwa ufunguo kwa nyuma. Alipojilaza mchana, nikaingia kazini. Nikatandika kitambaa cheupe kwenye rafu kubwa ya sebuleni, saa nikaiweka katikati, virefu nyuma, vifupi mbele, birika nikaligeuza mdomo uelekee mlangoni. Nikarudi nyuma hatua tano kama ninavyofanya ukumbini, nikafinya jicho moja. Haki ya nani, ilipendeza! Nikapiga picha, nikamtumia mdogo wangu papo hapo.

Akajibu, "Hongera dada. Mama anavifikia?" Nikasema kimoyomoyo, kijicho hicho.

Asubuhi niko jikoni, nasikia mama anahema. Natoka, namkuta ameishika saa kwa mikono miwili, anavuta.

"Mwanangu," akaniuliza, "saa ya baba yako imeota mizizi?"

Mwenzenu ndipo nikakumbuka nilichofanya. Ukumbini kila chombo tunakigandisha kwa gundi ya moto, la sivyo mtoto mmoja akivuta kitambaa, vyote viko chini. Mkono umeshazoea, haunisubiri nifikiri. Nilikuwa nimegandisha kitambaa kwenye mbao, na juu yake saa, birika, fremu, hata kikombe alichonywea jana yake.

"Usijali mama, vinabanduka hivi," nikasema, nikaleta kisu. Saa ilitoka. Kikombe na fremu vikatoka. Birika likatoka likaacha kipande cha kitako kwenye kitambaa. Afadhali angenigombeza. Alikiokota kile kipande, akakifunga kwenye leso, akasema chai atakunywa kwenye kikombe chochote nitakachompa.

Kuanzia siku hiyo akawa mtu wa kuomba ruhusa. "Naweza kukaa hapa?" "Nikisogeza hiki kimto sitaharibu?" Nikimwambia mama jisikie uko kwako, anaitikia vizuri tu, kisha kesho anauliza tena. Mwezi ulipokwisha mdogo wangu akaja kumchukua, na mama alikuwa ameshafunga boksi lake tangu asubuhi.

Nilivumilia siku sita. Ya saba nikanunua machungwa ya kisingizio, nikaenda. Ile rafu ya dirishani haikuwa na chupa hata moja. Vitu vya mama ndivyo vilivyojaa hapo, tena ovyo: saa imekaa upande, birika limetiwa vijiko, kikombe kina chai nusu, miwani juu ya dawa. Nikajua nimeshinda. Nikanyoosha mkono niiweke saa katikati, angalau ionekane kitu.

"Iache," mama akasema kutoka kitandani, maana mlango wa chumba chake ulikuwa wazi. "Ikikaa hivyo naiona nikiwa nimelala."

"Kapanga mwenyewe, dada," mdogo wangu akaeleza. "Mimi niliondoa vyangu tu."

Niliondoa vyangu tu! Miaka kumi na tisa napamba, na jambo dogo kama hilo amelijua yeye wa kuandika majina ya wagonjwa. Ningeweza kumzaba kofi, na alikuwa hajanikosea chochote.

"Mama, mwezi ukiisha nije na gari?" nikauliza.

"Usije na gari, mwanangu. Nimeshachagua. Nitakaa hapa."

Nikamenya machungwa, tukala. Nilipoaga, mama akainuka kunisindikiza, anajishika ukutani taratibu, nami namwambia baki, mama, baki, lakini hakusikia. Alinifungulia mlango kwa mkono wake.

"Karibu tena," akaniambia. "Siku nyingine usijisumbue kubeba kitu."

Mama yangu mzazi, ananikaribisha kwenye nyumba ya mdogo wangu. Nikasema asante, nikavaa viatu.