Mbwa Niliyesema Ananitii

Nawaeleza ninyi kwa kuwa hamkuwepo. Mzee mmoja mwenye ng'ombe hapa Bunia alinipa mbwa wake mkubwa wa kuchunga na kulinda, nimjaribu juma moja. Tukipatana, kazi ya uchungaji ni yangu.

Mimi nina haya, hata mbwa sikuweza kumwamuru. Akisimama, nilisimama. Akienda, nilimfuata. Nikaamini tumeelewana.

Jumamosi mzee alikuja zizini na wageni.

"Citoyen, hii imbwa inakufaa?" mzee akaniuliza, akiniita raia kwa Kifaransa.

"Ndiyo, muzee. Ananitii."

Mbwa akawaingiza ng'ombe wote zizini. Kisha akanirudia mimi, akanisukuma magoti kwa nyuma mpaka nami nikaingia.

Mzee akafunga mlango, akamwinamia mbwa.

"Na huyu mutu, anakufaa weye?"