Tulipoirudisha Jumapili

Dubai ya miaka ile, Jumapili ilikuwa siku ya kazi kama Jumatatu ya kwetu. Mapumziko yalikuwa Ijumaa, na sisi Wakristo tukayafuata hayo hayo. Ibada yetu ya Kiswahili ilifanyika Ijumaa asubuhi, kwenye chumba cha juu katika kiwanja cha makanisa, Wafilipino na ngoma zao upande huu, Wahindi na vinanda vyao upande ule. Tulikuwa Wakenya wengi, Waganda kiasi, na Watanzania waliotucheka Kiswahili chetu hata katikati ya maombi.

Mimi nilikuwa dobi wa hoteli, mtaa wa Al Garhoud. Mashuka hayana siku ya Bwana. Ili niipate Ijumaa nilikubali zamu za usiku ambazo hakuna mwingine aliyezitaka, nikatoka asubuhi macho yamevimba, na kwa kuwa metro siku hiyo ilichelewa kuanza, nikapanda basi. Wenzangu chumbani walilala, wakapika pilau, wakaenda kutafuta vibarua. Waliniona sina akili. Lakini saa ile ya kuimba kwa lugha yangu ndiyo iliyonifanya nijione mtu, si mkono wa kulisha mashine. Bila hiyo ningekuwa nimeshafunga virago.

Aliyeivunja ibada hiyo hakuwa adui. Alikuwa mzee wetu wa kanisa, mwanamume mpole kutoka kwetu Molo, dereva wa familia moja ya Kiarabu, aliyelia kila alipoomba. Ijumaa moja alisimama baada ya sadaka akasema moyo unamsuta.

"Siku ya Bwana ni Jumapili," alisema. "Hii Ijumaa tumeishika kwa sababu ni rahisi. Mungu anapewa makombo ya off zetu. Kama kweli yeye ni wa kwanza, wacha tumpe siku yake, hata ikituuma."

Watu wakaitikia amina, na ninajua kilichowapata. Kila mmoja alikuwa na Jumapili yake moyoni: kengele, viatu vilivyopakwa rangi, chai baada ya ibada. Hata mimi niliikumbuka yangu. Ila kumbukumbu haipangi zamu.

"Mzee, tutatoka kazini vipi?" nikauliza.

"Dada, ukiomba utapewa."

"Nipewe na nani? Supervisor wangu akisema inshallah, hiyo ni hapana."

Walicheka kidogo, kisha mzee akaitisha kura, mikono ikainuliwa. Niliwatazama walinzi wa majengo ya Silicon Oasis na wahudumu wa mikahawa ya Al Mankhool, watu ambao nilijua fika kwamba Jumapili wako kazini mpaka giza, wameinua mikono juu kabisa. Nani angethubutu kuikataa Jumapili mbele ya wenzake? Wangu haukuinuka. Mama mmoja wa kwaya akaninong'oneza, "Wewe usingizi utakupeleka pabaya." Mimi, wa usingizi, niliyetoka zamu ya usiku moja kwa moja! Nilitamani kumzaba kofi humo humo kanisani.

Tukaiachia saa yetu ya Ijumaa, tukapewa Jumapili jioni. Ibada ya kwanza ilijaa. Wengine walikuwa wamejifanya wagonjwa, wengine wameacha lango kwa mwenzao, na tuliimba kama watu waliokwisha kufika mbinguni. Baada ya hapo maonyo ya kazini yakaanza. Kwaya ikabaki na sauti za wanawake tu, kisha mbili, kisha yangu. Supervisor alinitazama nilipoomba tena kubadilishiwa zamu.

"Jana Ijumaa, leo Jumapili. Mungu wenu ana roster ngapi za zamu? Khalas, rudi kazini."

Mzee mwenyewe hakudumu. Jumapili watoto wa madam aliyemwajiri walianza wiki ya shule, na jioni ilikuwa lazima awapeleke kwenye masomo ya ziada. Alinipigia kutoka ndani ya gari, sauti chini, jioni moja niliyobadilishana zamu na mwenzangu kwa siri. "Dada, niombeeni huko." Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba huko niko peke yangu, na bawabu anasubiri kufunga.

Nilikwenda kwenye ofisi ya kiwanja kuiulizia saa yetu ya Ijumaa. Ilishachukuliwa na kanisa jingine, na nyuma yao wengine walikuwa kwenye foleni. Karani akanishauri niende ibada ya Kiingereza. Nilijaribu. Nilisimama, nikaketi, nikasimama, na ndani yangu hakuna kilichoamka. Nikaacha kwenda. Nilimkasirikia mzee, nikamkasirikia Mungu aliyetuona tukiinua mikono asituzuie, kisha hata hasira ikaisha, na hapo ndipo nilipoogopa.

Mama yangu alizipata habari huko Molo, kwa mke wa mzee. Alinipigia Jumapili moja mchana, mimi nimesimama kati ya mashine, mvuke usoni, zamu yangu ikiwa ya kwenda mpaka usiku.

"Nimesikia mmerudi Jumapili," alisema, na tangu nisafiri sikuwa nimemsikia na furaha kiasi hicho. "Ile Ijumaa yenu nilikuwa naona aibu hata kuwaambia wamama wa kanisa. Sasa tunaabudu siku moja, mimi na wewe. Jioni mtaimba wimbo gani?"

Nilifungua mdomo. Nilitafuta wimbo, wowote ule, na hakuna uliokuja. Mama aliita haloo, haloo, akadhani mtandao umepotea, akakata simu.